Mluzi wa tabo hauongezi nguvu za kupanda Suji

Kuna mtindo umeshika kwa baadhi ya wenye Fuso na malori mengine ya dizeli. Fundi anatoa filta kwenye eya klina, au anakata bomba la kuingiza hewa karibu kabisa na turbo (tabo, kama tunavyoiita gereji), halafu anafunga kipande kifupi cha bomba chenye mdomo wazi. Kazi inaisha kabla chai haijapoa. Lori likitoka hapo linapiga mluzi mpaka watoto wanakimbilia barabarani kuangalia. Dereva anafurahi, utingo anafurahi, na mwenye gari anaambiwa, "Mzee, sasa gari linapumua."

Makala hii inaikosoa kauli hiyo, na nimechagua kuikosoa kwa kutumia njia ya kutoka Makanya kupanda Suji, kule Same, Upare wa Kusini. Sababu ni rahisi: mlima hauna upendeleo. Kwenye tambarare lori linaweza kukudanganya. Ukiwa umebeba saruji na mabati, mbele kuna kona juu ya kona, na nyuma kuna bonde, ndo utajua injini ina nguvu au ina kelele tu.

Niseme mapema kwamba sidharau anayependa mluzi. Sauti ya tabo ikipanda mlima ni tamu, hata mimi naipenda. Ninachokataa ni hoja tatu zinazouzwa pamoja nayo: kwamba mluzi ni nguvu, kwamba injini bila filta inapumua vizuri zaidi, na kwamba kelele hiyo inasaidia usalama kwenye kona. Tuzichukue moja moja.

Sauti ilikuwepo siku zote

Tabo ni feni mbili kwenye ekseli moja. Feni ya kwanza inasukumwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili inavuta hewa ya nje na kuishindilia ndani ya silinda. Wazo hilo lilisajiliwa na mhandisi Mswisi, Alfred Büchi, mwaka 1905, na hadi leo msingi wake haujabadilika: moshi ambao ungepotea bure unafanyishwa kazi.

Sasa angalia kasi yake. Tabo ya lori ikifanya kazi kwa bidii inaweza kuzunguka mara 100,000 kwa dakika. Gawanya kwa 60, unapata mizunguko kama 1,667 kila sekunde. Kama feni ya kuvuta hewa ina mapanga makubwa sita, kila sekunde mapanga yanapita mbele ya mdomo wa bomba mara 10,000 hivi. Hiyo ndiyo noti unayoisikia: hezi 10,000, nyembamba na kali, ndani ya uwezo wa sikio la binadamu ambalo kwa kijana husikia mpaka karibu hezi 20,000. Tabo ikipunguza kasi kwa nusu, noti inashuka hadi hezi 5,000. Ndiyo maana mluzi unapanda na kushuka kufuatana na mguu wa dereva.

Kiwandani lori lilitoka na sauti hiyo hiyo. Kilichokuwa kinaificha ni eya klina. Lile boksi na bomba lake refu vinafanya kazi mbili. Karatasi ya filta, pamoja na kuzuia vumbi, inafyonza sauti nyembamba. Boksi lenyewe, kwa kuwa ni chumba chenye mdomo, linazima baadhi ya sauti nzito za pistoni zinapovuta hewa. Ukitaka kuona jinsi chumba chenye mdomo kinavyochagua sauti, chukua chupa tupu ya soda, puliza juu ya mdomo wake, halafu tia maji kidogo upulize tena. Noti imebadilika kwa sababu ujazo wa hewa umebadilika.

Kwa hiyo fundi aliyetoa filta hajaongeza kitu. Amefungua mlango wa chumba ambacho muziki ulikuwa unapigwa tangu mwanzo.

Na huo muziki una nguvu kiasi gani? Sauti ya wati 1 tu, ikisambaa pande zote, mtu aliyesimama mita moja ataipata kwa desibeli karibu 109, yaani kelele ya kuumiza masikio. Injini ya lori la kawaida inatoa kilowati 150 hivi, ambazo ni wati 150,000. Kwa hiyo kelele inayokutoa machozi ni sehemu moja tu kati ya laki moja na nusu ya nguvu ya injini. Kupima injini kwa ukali wa mluzi ni sawa na kupima utajiri wa mtu kwa mlio wa sarafu mfukoni.

Watengenezaji wa magari wanalijua hili vizuri. BMW M5 iliyotoka mwaka 2011 ilikuwa na mfumo wa kupiga sauti ya injini kupitia spika za ndani ya gari, kwa sababu tabo na vizuia kelele viliifanya injini iwe kimya mno kwa wateja. Ukiongeza sauti ya spika, farasi haongezeki hata mmoja.

"Gari linapumua": tupige hesabu

Hapa lazima tuwe wakweli: filta inazuia hewa kidogo. Filta safi ya lori, injini ikivuta kwa nguvu, inapunguza shinikizo la hewa kwa takriban kilopaskali 1 hadi 3. Ikijaa uchafu na kufika kama 6, inatakiwa kubadilishwa. Kwa hiyo ukiitoa filta safi, unapata faida ya kilopaskali 1 hadi 3. Nyingi au kidogo?

Mlima wenyewe unatupa kipimo. Katika miinuko yetu, kila mita 100 unazopanda shinikizo la hewa linapungua kwa karibu kilopaskali 1. Maana yake, kutoa filta safi kunakupa hewa ya mahali palipo chini kwa mita 100 hadi 300 tu. Hiyo ni sehemu ya mlima ambayo lori linaimaliza kwa kona chache. Na tabo iliwekwa kwa ajili ya tatizo hilohilo la hewa kupungua juu.

Halafu kuna gharama ambayo haisemwi gereji. Angalia lori lilivyotengenezwa: mdomo wa kuvuta hewa umepandishwa juu, nyuma ya kichwa, kama pua ndefu. Juu kule hewa ni ya baridi na vumbi ni kidogo. Ukikata bomba karibu na tabo, injini inaanza kuvuta hewa iliyochemshwa na eksozi na rejeta. Tuchukulie hewa ya nje ni nyuzi 30 na ile ya kwenye injini ni nyuzi 60. Hewa ikipata joto inatanuka, na kwa kiwango hicho kila lita inakuwa na hewa pungufu kwa asilimia 9 hivi. Hiyo ni sawa na kuuinua mlima wa Suji juu zaidi kwa karibu mita 900 kabla hujaanza kuupanda. Umeokoa mita 300, umelipa 900. Kama lori lina intakula, ile rejeta ya kupoza hewa baada ya tabo, litarudisha sehemu ya hasara, siyo yote.

Linalochekesha ni kwamba hewa ikiwa ya moto au nyembamba, tabo inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili kufikisha shinikizo lilelile. Ikizunguka zaidi, mluzi unapanda. Dereva anausikia, anasema, "Umesikia inavyovuta?" Kumbe anachosikia ni tabo inahangaika.

Kuna jambo lingine la dizeli ambalo linasahaulika. Injini ya dizeli kwa kawaida inapewa hewa nyingi kuliko inayohitajika kuchoma mafuta yake. Kinachoamua nguvu ni kiasi cha dizeli kinachopulizwa na nozeli. Kama pampu haijabadilishwa, ukiongeza hewa kidogo kwenye injini ambayo tayari ina hewa ya ziada, unaongeza kitu ambacho haikuwa na shida nacho. Hewa ya nyongeza inasaidia pale tu lori lilipokuwa linatoa moshi mweusi kwa kukosa hewa. Na kama linatoa moshi mweusi, kwanza tazama filta imeziba au hosi ya tabo imepasuka.

"Lakini mimi nimeona tofauti"

Hii ndiyo hoja ngumu kuijibu, maana dereva anasema alichokiona, na madereva wa mlimani siyo watu wa kudharau. Wengi husikia hitilafu kabla taa haijawaka. Shida iko kwenye ulinganisho.

Mara nyingi filta inatolewa siku ambayo gari limeshaanza kuwa zito. Yaani filta ilikuwa imeziba. Kwa hiyo anayelinganisha analinganisha filta iliyoziba na mdomo wazi. Lazima aone tofauti! Angefunga filta mpya angeiona pia, na tungeweza kukadiria kwamba ile iliyobaki, kati ya filta mpya na mdomo wazi, ni ndogo mno kuisikia kwenye usukani.

Halafu kuna saa ya safari. Asubuhi ya nyuzi 18 na alasiri ya nyuzi 32 zinatofautiana kwa karibu asilimia 5 katika wingi wa hewa. Aliyepanda jana saa nane mchana na leo kapanda alfajiri, ameshabadilisha injini yake bila kugusa spana. Bado hatujataja mzigo, tairi, na barabara ikiwa na tope. Na sikio nalo lina ushabiki: gari lenye kelele huonekana lina mwendo hata kama saa inasema dakika ni zilezile.

Mwaka 1918 Wamarekani walikuwa na swali linalofanana na letu: tabo itarudisha nguvu zinazopotea mlimani? Sanford Moss, mhandisi wa kampuni ya General Electric, na wenzake walipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 hivi. Kwa kulinganisha, Shengena, kilele kirefu kuliko vyote Upareni, ni takriban mita 2,460. Injini iliyokuwa na nguvu farasi 350 usawa wa bahari ilitoa kama 230 kileleni bila tabo, na kama 356 ilipofungwa tabo. Walipanda na mashine ya kupima nguvu. Hakuna aliyesimama pembeni akasema inalia vizuri.

Sisi hatuhitaji mashine hiyo. Tunahitaji saa ya simu, lori moja, dereva mmoja, mzigo uleule na saa ileile ya siku. Pima muda wa kipande kimoja cha mlima, kwa mfano kutoka mwanzo wa kupanda hadi kona unayoijua, mara tatu kwa filta ya zamani na mara tatu kwa filta mpya, kwa kubadilishana siku. Andika kwenye daftari. Matokeo yakipishana zaidi ndani ya filta moja kuliko kati ya filta mbili, basi tofauti unayoidai haijaonekana.

Vumbi halisamehi

Tukubali kwa ubishi tu kwamba faida ipo. Bei yake ni nini?

Chukua injini ya lita 7.5, saizi tunayoikuta sana kwenye Fuso, inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Inavuta ujazo wa lita 7,500 kila dakika. Tabo ikiongeza nusu yake tena, ni zaidi ya lita 11,000 za hewa ya nje. Kwa saa moja ni mita za ujazo kama 675, hewa ya madarasa manne ya shule. Sasa tuchukulie, nyuma ya gari lingine wakati wa kiangazi, kila mita ya ujazo ina miligramu 10 tu za vumbi. Ndani ya saa hiyo injini imepelekewa karibu gramu 7, kama kijiko cha chai. Filta nzuri ya karatasi inakamata zaidi ya asilimia 99. Bila filta, kijiko chote kinapita kwenye tabo na kuishia kwenye silinda.

Wapo wanaosema vumbi la huku ni laini kama unga. Kwa jasi ya Makanya, ile inayochimbwa na kupelekwa viwanda vya saruji, wana ukweli kidogo. Jasi ina ugumu wa 2 kwenye kipimo cha Mohs, unaikwaruza kwa ukucha. Lakini milima ya Upare ni ya miamba ya kale sana, na ndani yake kuna kwatzi, yale mawe meupe yanayong'aa. Kwatzi ina ugumu wa 7 na inakwaruza kioo. Mapanga ya tabo upande wa hewa ni ya aluminiamu, laini kuliko kioo. Feni yenye upana wa sentimita 7, kwa mizunguko 100,000, ncha za mapanga yake zinakimbia mita 366 kwa sekunde, kasi kuliko sauti. Chembe ya kwatzi ikigonga hapo ni kama msasa uliorushwa na bunduki.

Baada ya hapo mambo yanafuatana. Mapanga yanalika bila usawa, ekseli inaanza kuyumba, bushi zinaisha, sili zinavuja, na oili inaingia kwenye njia ya hewa. Hapo injini ya dizeli inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kupandisha mizunguko bila dereva kukanyaga. Ukizima ufunguo haisikii, kwa sababu mafuta inayochoma hayatoki kwenye pampu. Njia ya kuizima ni kuinyima hewa, na injini iliyokatwa bomba ikabaki na mdomo wa moto kando ya tabo ni ngumu kuinyima chochote. Mahali pa kugundua hilo pasiwe kona ya Suji.

Kuna breki pia. Kwenye malori mengi kompresa ya breki za upepo inavuta hewa yake kutoka njia hiyohiyo, baada ya filta. Ukiondoa filta umeipelekea vumbi na kompresa. Upande wa kupanda unaweza kuwa na ubishi, lakini wa kushuka na shehena ya ndizi na maharage, huku watu wamekaa juu ya mzigo, hauna ubishi.

Na kona je?

Hoja ya tatu ina nia njema: barabara ni nyembamba, mluzi unawaonya wanaokuja. Tatizo ni fizikia ya sauti. Sauti ya hezi 10,000 ina mawimbi ya urefu wa sentimita 3.4. Mawimbi mafupi hivyo hayapindi vizuri kuzunguka ukingo wa mlima, na hewa inayafyonza haraka. Honi iliyo kwenye hezi 400 ina mawimbi ya sentimita 86, ambayo yanapinda zaidi na kufika mbali zaidi. Mluzi unamfikia vizuri mtu ambaye tayari anakuona. Aliye nyuma ya kona, mpigie honi.

Anayeupata mluzi wote ni dereva mwenyewe na utingo wake. Mwongozo unaotumika sana kwa wafanyakazi ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 zinabaki dakika 15.

Hapo ndipo hasara kubwa inapoingia, kwa maoni yangu. Dereva wa mlimani na fundi wake wanategemea masikio. Hosi ikipasuka baada ya tabo, utasikia hewa inapuliza na gari kuwa zito. Bushi zikianza kuisha, tabo inalia kama king'ora. Sauti ya kawaida ya lori lako ni kumbukumbu ambayo kila hitilafu inalinganishwa nayo. Ukiufungulia mluzi mpaka ukafunika kila kitu, umemziba fundi masikio, halafu unampelekea gari umuulize lina shida gani.

Kwa wanaoupenda mluzi

Kama unautaka kweli, kuna pa kuguswa na pasipoguswa. Mpaka ni filta. Bomba lililo kabla ya filta unaweza kulichezea kwa kiasi, kwa mfano kuondoa kile kichumba cha kupunguza sauti ikiwa lori lako linacho, mradi mdomo ubaki juu na mbali na joto. Utapata mluzi kidogo, hutapata nguvu, na injini haitadhurika. Kuanzia filta kwenda kwenye tabo, usiguse kitu isipokuwa kukaza klempu.

Na kwa anayetaka nguvu, mambo ni ya kawaida sana. Badilisha filta kwa wakati badala ya kuipuliza kwa kompresa mpaka karatasi itoboke. Kama lori lina kile kigeji cha filta, kisome. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, fungua hosi inayotoka kwenye filta kwenda kwenye tabo, pitisha kidole safi ndani, ukitazame. Kikitoka na vumbi, kuna mahali panavuja, na hapo ndipo pesa ya fundi inatakiwa iende wiki hii.